Waya ya Nyumba ya Mbele

Walitoboa ukuta wakati Ndanu ameenda sokoni. Aliporudi alipata vumbi ya simiti juu ya cherehani, juu ya unga, juu ya kitanda, na kwa kona ya juu karibu na mabati, waya nyeusi imeingia ndani kama mgeni hajabisha hodi. Hata haikuwa imepigiliwa msumari. Ilikuwa inaning'inia tu, na ncha yake ya chuma ilifika usawa wa uso wa mtu.

Onesmus, mwenye ploti, alikuwa nje na fundi wake, wanapanguza mikono.

"Hii ni nini, Mzee?"

"Ni kebo. Stesheni thelathini na nane. Mpira, sinema, injili, yote. Kuanzia mwezi ujao nyumba ni elfu moja mia tisa."

"Si ni elfu moja mia tano?"

"Nyumba ni elfu moja mia tano. Kebo ni mia nne. Jumlisha mwenyewe."

"Mzee, mimi sina TV."

Onesmus akachungulia ndani pole pole. Kitanda, cherehani, jiko, ndoo tatu, kabati ya vyombo yenye mlango mmoja. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mpole, sweta yake imefungwa vifungo vyote hata kukiwa na jua. Aliangalia kabisa, kama mtu anasaidia kutafuta.

"Sasa hiyo," akasema, "si makosa ya waya."

Fundi akacheka. Ndanu hakucheka. Alingoja mpaka waondoke, akapanda kiti, akambipu bwanake Musau. Kupanda kiti ilikuwa lazima, mtandao wa mtaa wao wa Mumbuni wakati huo ulikuwa unapatikana huko juu tu. Musau alikuwa anafanya kazi kiwandani Athi River, anashona mifuko ya suruali za Wazungu, anakuja nyumbani Jumamosi moja, anaruka moja. Pesa ya nyumba alikuwa anatuma kwa bahasha, anapatia dereva anayemjua. Alipopiga alisema maneno machache, kwa sababu kredo.

"Usilipe hata ndururu. Hatuna TV. Tulipie nini, waya? Mwambie ni mimi nimesema."

Halafu akaenda kuwaambia watu wa kiwanda, na watu wa kiwanda wakamwambia huyo bibi wako ni simba. Musau akafurahi wiki nzima.

Sasa, hiyo kebo ilikuwa hivi. Dikoda ilikuwa moja na rimoti ilikuwa moja. Zote zilikaa nyumba ya mbele, ile ya mawe, kwa sebule ya mamake Onesmus. Huyo mama, Syokau, wapangaji wote walimwita Susu, yaani nyanya. Alikuwa na miaka themanini na moja, miguu imekataa, na macho yake ilikuwa inaona TV kuliko kitu ingine yoyote. Waya ilitoka kwake ikazunguka nyumba zote kumi na mbili. Susu akiangalia kwaya, ploti nzima inaangalia kwaya. Susu akilala, ploti nzima inaangalia kitu alilala nacho.

Wanaume walikonda. Mpira iko dakika ya themanini, penalti, mtu ameweka boli chini, amerudi nyuma, halafu pap! Mhubiri. Milango inafunguka zote.

"Susu! Susu, rudisha!"

"Nani anapiga kelele?"

"Ni penalti, Susu!"

"Si muombe Mungu iingie!"

Hata Ndanu, ambaye hakuwa na kitu cha kuangalia, alikuwa anacheka na sindano mdomoni mpaka anaogopa kumeza.

Lakini kila mwisho wa mwezi alipeleka elfu moja mia tano kamili, na kila mwisho wa mwezi Onesmus alimwandikia risiti kwa mwandiko mzuri sana. Kebo, 400. Nyumba, 1,100. Imebaki, 400.

"Mzee, hiyo pesa ni ya nyumba."

"Pesa ikiingia inalipa kebo kwanza. Kile kinabaki ndicho cha nyumba."

"Kwa hivyo nimelipa kebo na nikakosa kulipa nyumba?"

"Ndiyo hivyo imeandikwa," akasema, na akampa risiti kwa mikono miwili, kwa heshima.

*

Susu alikufa Novemba, asubuhi, akiwa amekaa. Siku tatu TV zote za ploti zilibaki kwa stesheni moja, mpishi wa Kizungu anakata vitunguu, na hakuna mtu alithubutu kusema badilisha. Halafu picha ikaisha. Ikabaki ule mchele mweupe, shhhh, nyumba kumi na moja.

Watu wakangoja. Wakalipa mia nne ya Novemba wakiangalia mchele. Desemba wakalipa tena. Kuna mama anaitwa Kalekye, jirani wa Ndanu ukuta kwa ukuta, mdomo yake haina breki, ndiye peke yake aliuliza. Onesmus akamwambia, "Kalekye, tuko kwa matanga." Sasa hapo utasema nini?

Na hiyo matanga haikuwa inaisha. Susu hakuwa amezikwa. Ilisemekana Onesmus anataka kumzika hapa kwa ploti aliyonunua, na ndugu yake Reuben anataka wamrudishe Kathiani kwa shamba ya baba, na wameenda kotini. Nyumba ya mbele ilikuwa na kufuli kubwa mlango wa mbele, na mapazia imefungwa. Onesmus alikuwa ameonekana akitoka na begi, watu wakasema amehamia kwa nyumba yake ingine huko mjini.

Wiki ya kwanza ya Januari, Ndanu alikuwa anashona. Alikuwa amepata kazi kubwa kuliko zote tangu anunue hiyo cherehani: sketi thelathini za shule, kijani, za marinda, kitambaa kimetoka kwa duka ya Madino pale mjini. Shule inafunguliwa Jumatatu ya wiki inayofuata. Amekanyaga pedali tangu asubuhi, mguu umekufa ganzi. Saa tisa mchana, jua limewaka mabati inalia ka, ka, ka, akasikia mtu anamsalimia.

"Mwi aseo?"

Mama mzee, sauti ya upole, anasalimia watu wengi kwa Kikamba. Ndanu akasimama, akapanguza nyuzi kwa leso, akafungua mlango.

Nje hakuna mtu. Nguo kwa kamba. Kuku. Hata watoto hawakuwa nje.

Akarudi ndani, na sauti ikaja tena, na sasa ndio akasikia vizuri. Haikuwa inatoka mlangoni. Ilikuwa inatoka kwa ukuta wa kushoto, na kwa ukuta wa kulia, na kwa nyumba za ng'ambo, kwa mara moja, sauti moja midomo mingi. "Mwi aseo?" Halafu kimya, kama mtu anangoja. Halafu kicheko kidogo, na sauti ikasema, "Kwani hawanisikii?"

Na pale pale ukuta zote zikanyamaza. Watu walikuwa wamepunguza sauti, haraka haraka, kama wamekubaliana.

Ndanu akaangalia waya yake. Ilikuwa imening'inia tu. Alichukua kofia ya kazi ya Musau kwa msumari, akaitundika juu ya ile ncha ya chuma, akarudi kwa cherehani.

Jioni alimuuliza Kalekye. Kalekye akamvuta ndani akafunga mlango.

"Ni yeye."

"Nani?"

"Wacha kunitajisha jina. Tangu juzi. Saa tisa, mchele unaenda, anakuja yeye, amekaa kwa kiti ya plastiki, ameangalia hapa." Kalekye akajigusa katikati ya macho. "Hapa, Ndanu. Anasalimia. Akikosa kujibiwa anacheka."

"Si ni video tu?"

"Najua video ni nini! Hata tarehe iko kwa kona, naiona. Lakini video si lazima mtu aweke? Nyumba ina kufuli nje. Nani anaweka?" Akashusha sauti. "Na jana alikuwa ameangalia upande wa nyumba namba tano. Leo ameangalia huku."

"Mbona hamzimi TV?"

Kalekye akamwangalia kama mtoto mjinga. "Wewe unaweza kumzima?"

Mwezi huo, kabla hata tarehe tano kufika, nyumba zote zilikuwa zimelipa kebo. Zote isipokuwa moja.

*

Alhamisi Ndanu alienda kununua zipu. Kurudi, kuna kufuli mpya kwa mlango wake, ya shaba, inang'aa. Ndani kuna cherehani, kitambaa cha Madino, sketi kumi na moja zimeisha na kumi na tisa zimekatwa tu. Alisukuma mlango hata kama alijua.

Onesmus alikuwa amesimama kwa tangi ya maji, anangojea ndoo yake ijae.

"Mzee, umenifungia."

"Miezi minne, mia nne mara nne, elfu moja mia sita. Deni lako limepita nyumba ya mwezi mmoja."

"Mimi nimelipa nyumba! Kila mwezi!"

"Umelipa kebo. Risiti iko."

"Nifungulie nitoe kitambaa peke yake. Si changu, ni cha watu."

"Nikikufungulia utoe kitambaa, utatoa na cherehani. Nimekaa na wapangaji miaka kumi na nane, Ndanu." Hakuwa amekasirika. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Alifunga bomba, akabeba ndoo, akazunguka nyuma ya nyumba ya mbele, pole pole asimwage.

Wapangaji walikuwa milangoni. Mmoja aliingia ndani, akatoka na kiti, akampa Ndanu akae, na hiyo huruma ilimuuma kuliko kufuli.

Alienda kwa Madino. Duka lilikuwa limejaa wazazi, Madino anapima kola ya shati kwa shingo ya mtoto na huku anabishana na mama mwingine bei ya soksi.

"Dada Ndanu! Umeniletea?"

"Bado kidogo. Kuna shida ya nyumba."

Madino akaacha ile shingo. "Sikiza. Mimi shida ya nyumba yako siingii, nitalia na wewe na kazi itabaki. Jumapili jioni nataka sketi thelathini. Kama sketi hakuna, nataka kitambaa. Kama kitambaa hakuna, nataka elfu tisa, na hii kazi ya muhula wa pili nitampa mtu mwingine. Umekula?"

"Nimekula."

"Unadanganya. Chukua ndizi hapo."

Kwa barabara Ndanu alibipu Musau mara tatu. Alipopiga, mashini zinanguruma nyuma yake.

"Ametufungia."

Musau akauliza, "Umemwambia mimi nilisema nini?"

"Musau. Ametufungia. Tuma elfu moja mia sita."

"Nitoe wapi? Januari hii? Hata overtaimu wamekata." Halafu, kwa sauti ndogo, "Tungelipa tu."

"Sasa ndio unasema?"

Kredo ikakatika.

*

Alilala kwa Kalekye, watoto wa Kalekye wakahamia chini. Ijumaa alizunguka kwa wale wote wenye alikuwa amewahi kuwashonea, akapata mia tatu. Saa tisa ikamkuta ameketi kwa kitanda cha Kalekye, ameshika zile zipu kwa mfuko, hajui aende wapi.

Mchele ulikatika. TV ikapiga mistari mara mbili, na Susu akaja.

Ndanu alikuwa hajamwona tangu afe. Alikuwa ameketi kwa kiti ya plastiki nyeupe, leso kichwani, nyuma yake watu wanapita na sahani. Mtu asiyeonekana akamwambia, Susu, salimia wale hawajafika. Susu akainua uso. Akamwangalia Ndanu.

"Mwi aseo?"

Akangoja. Alingoja kabisa, mdomo umefunguka kidogo, macho yanatembea kama mtu anahesabu waliokaa. Mkono wa Kalekye ulikuwa tayari umefika kwa kidude cha sauti.

"Kwani hawanisikii?"

Kalekye akapunguza. Watoto wake wawili walikuwa wamegeukia ukuta wenyewe, bila kuambiwa.

Ndanu akaona ile tarehe kwa kona, Aprili ya mwaka juzi. Akaona mistari inapanda. Na kitu ingine ikamjia, kitu ya kawaida kabisa: ndoo ya maji. Mtu amehama haendi kuchota maji tangini. Na hapeleki maji nyuma ya nyumba ambayo haina mtu.

"Unaenda wapi?" Kalekye akauliza.

"Kulipa."

Alitembea kwa ploti, jua kali. Kila mlango alipita, sauti ilikuwa chini kama nzi kwa chupa, lakini ilikuwa ile ile. Mlango wa mbele, kufuli. Akazunguka. Mlango wa jikoni ulikuwa umerudishwa tu.

Sebule ilikuwa na giza ya mapazia na harufu ya mafuta ya kuchua. Kiti cha Susu kilikuwa mahali pake, na vitambaa vya kushonwa kwa mkono, na rimoti imewekwa juu ya mto. Onesmus alikuwa ameketi chini sakafuni, amenyoosha miguu, mgongo ameegemea hicho kiti, kama mtoto anayesukwa nywele. Sweta imefungwa vifungo vyote.

Akamwona. Akanyoosha mkono akafinya mashini ya video. Mamake akaganda kwa TV, anatetemeka, mdomo wazi.

"Nani amekuambia uingie?"

"Nimekuja juu ya kufuli, Mzee."

"Umeleta?"

"Mia tatu. Na sketi thelathini za watu, nikimaliza nitalipwa Jumapili. Nifungulie nishone, nikulipe."

"Wote husema hivyo."

"Kebo gani ninalipa?" Sauti yake ilipanda bila yeye kutaka. "Dikoda imezimwa! Tangu Novemba tunalipia mchele!"

Onesmus hakubisha. Alijisugua magoti.

"Unajua mochari ni pesa ngapi kwa siku?"

Ndanu akatikisa kichwa.

"Wanaandika kila siku. Jumapili wanaandika. Krismasi waliandika. Reuben ameweka kesi, jaji amesema mwili usitolewe, na hakusema nani alipe. Reuben hatoi. Sasa mimi nitoe wapi? Kebo ndiyo inamlipia." Akamwangalia. "Sijakula hata shilingi yako. Yote imeenda kwake. Angekuwa kwa sakafu."

Kwa hivyo ndiyo hiyo. Nyumba kumi na mbili zilikuwa zinaweka mama wa watu kwa baridi, kila mwezi mia nne, na mmoja wao hata TV hakuwa nayo. Ndanu alitaka kukasirika, na hasira ikakosa mahali pa kukaa.

"Mzee," akasema, "unajua tunamwona?"

"Nani?"

"Mamako. Ploti nzima. Hiyo mashini imeshikana na waya ya nyumba. Ukiweka kanda, anaingia kwa kila TV."

Onesmus akainuka. Akaenda nyuma ya TV, akashika waya ya video kwa kidole, akaifuata. Kwa kasanduku. Kutoka kasanduku, nyaya kumi na mbili. Kutoka hapo, kwa shimo la ukuta. Akasimama hapo, kidole bado kwa shimo. Ndanu akajua sasa atapiga kelele, ama atalia, ama ataomba asiambie watu.

"Anaonekana vizuri?" Onesmus akauliza.

"Eeh?"

"Huko kwa nyumba. Anaonekana vizuri ama ana mistari?"

"Anaonekana."

"Na sauti?"

"Inafika."

"Anasalimia."

"Ndiyo, anasalimia."

Akageuka. "Na mnamjibu?"

Kwa TV, Susu alikuwa anatetemeka, anangoja.

"Ndanu. Mama wa miaka themanini na moja anawasalimia ndani ya nyumba zenu. Mnamjibu?"

"Watu wanaogopa, Mzee. Wanapunguza sauti."

"Wanapunguza sauti," akasema, kama mtu amepigwa kofi na mtoto. Akaketi kwa mkono wa kile kiti, si kwa kiti chenyewe.

"Wewe ungemjibu?"

Ndanu alifikiria sketi kumi na tisa zimekatwa, hazijashikanishwa. Alifikiria elfu tisa. Alifikiria muhula wa pili.

"Sina TV."

Onesmus akaonyesha kwa kona. Chini ya gazeti kulikuwa na TV ndogo, nyekundu, ya zamani. "Hiyo inafanya kazi. Saa tisa. Umjibu kwa sauti, mlango wazi, mimi nisikie nikiwa hapa."

"Na ile mia nne?"

"Itatoka."

"Na ya nyuma? Elfu moja mia sita?"

Akasita. Mtu wa kukaa na wapangaji miaka kumi na nane. "Itatoka."

"Andika," Ndanu akasema.

Akatoa kitabu cha risiti kwa mfuko wa sweta, akaandika na ule mwandiko mzuri, akampa kwa mikono miwili. Kebo: imelipwa.

*

Jumapili jioni Madino alihesabu sketi mara mbili, akavuta marinda, akavuta zipu, akasema, "Hii ya kumi na nne imelala upande, lakini mtoto atakalia," na akalipa yote. Kazi ya muhula wa pili ilikuwa yake.

Kufuli iliondoka. Ile TV nyekundu ilikaa juu ya kabati, na ncha ya waya iliingia nyuma yake tap, kama ilikuwa imepimiwa.

Siku ya kwanza sauti ya Ndanu ilitoka kwa kusitasita. "Twi aseo, Susu." Siku ya pili ilitoka vizuri. Alijua watu wote wanasikia. Nyumba kumi na moja, sauti iko chini, na yeye mlango wazi, anaongea peke yake na maiti mchana kweupe. Watoto waliokuwa wanachezea karibu na mlango wake walihamia ng'ambo. Mama aliyempa kiti alianza kuanika nguo zake kwa kamba ingine.

Kalekye alimkuta bombani. "Kwa hivyo wewe hulipi."

"Ninalipa."

"Mimi nalipa mia nne. Wewe unaamkua watu wa mochari, unafunguliwa."

"Nenda umwambie na wewe utamjibu."

Kalekye alichukua ndoo yake haijajaa. Tangu siku hiyo hakuwahi kuja tena kuomba makaa.

Siku ya tano kitu kidogo kilitokea. Susu alisalimia, Ndanu akajibu, na Susu akatikisa kichwa. Ndanu alingoja kile kicheko, kile "kwani hawanisikii". Hakikuja. Picha iliendelea, watu wakipita na sahani. Labda kanda ilikuwa imechakaa hapo. Labda Onesmus aliisogeza. Lakini siku ya sita pia hakikuja, na badala yake mama mzee alikaa tu, ameangalia, ametulia, kama mgeni amekaribishwa na sasa anangoja kuulizwa habari za kwao. Ndanu akajikuta anamwuliza.

Jumamosi Musau alikuja na mfuko wa sukari na mkate, anatembea haraka, amejitayarisha kwa maneno ya kumwambia Onesmus. Alikuwa ameyapanga njia yote. Alipofika kwa ploti ilikuwa saa tisa na kitu na hakuna mtu nje. Mlango wake ulikuwa wazi kabisa. Akasikia bibi yake anaongea, kwa heshima, sauti juu kama mtu anaongea na mzee asiyesikia vizuri. Anauliza kama baridi imepungua. Anauliza kama wanamfunika.

Akasimama mlangoni. Aliona cherehani imesimama. Aliona TV.

"Ndanu," akasema. "Unaongea na nani?"

Ng'ambo ya ploti, kwa nyumba ya mbele, pazia ilisogea kidogo na ikabaki hivyo.

Ndanu hakugeuka. Alimnyooshea mkono nyuma, kumwambia angoje, ama kumwambia asiingie na viatu.

"Nalipa nyumba," akasema. "Msalimie."